Mtoto Anacheua Kila Akinyonya: Vipimo Vipi Vina Kazi, Vipi Uachane Navyo, na Uanzie Wapi

Tuanze na habari njema ili presha ishuke kwanza. Mtoto mchanga kucheua maziwa ni kawaida kabisa na wala sio ugonjwa. Ule msuli unaobana kati ya umio (bomba la kushushia chakula) na tumbo bado haujakomaa, unajiachia ovyo ovyo, chakula chenyewe ni maji matupu, tumbo dogo, na siku nzima amelala chali, sasa hayo maziwa yatakosaje kurudi juu? Karibu nusu ya watoto walio chini ya miezi 3 wanacheua angalau mara moja kwa siku, inazidi kupanda mpaka kwenye miezi 4 hivi, alafu mtoto akianza kukaa mwenyewe na kula vyakula vizito inashuka yenyewe, na wakifika mwaka 1 watoto 9 kati ya 10 wameshaachana nayo.

Shida ni kwamba mama akishabadilisha nguo tano kabla ya saa sita mchana hawezi kutulia, na ana haki yake, na watu wa karibu hawamsaidii maana kila mmoja anakuja na jina lake la ugonjwa. Ndo anaenda hospitali anasema dokta naomba mnipimie mtoto kila kitu. Hapo kwenye kila kitu ndo hela inapoishia na mtoto anachomwa masindano bure. Kwa hiyo shika hili moja kabla hujatoka nyumbani: hakuna mashine inayosema "huyu ana ugonjwa wa rifulaksi, yule hana" (rifulaksi ni vitu vya tumboni kurudi juu kwenye umio, ni ugonjwa pale tu inapomletea mtoto madhara). Vipimo vingi utakavyotajiwa vipo kwa ajili ya kutafuta kitu kingine kinachojifanya rifulaksi, au kuangalia kama rifulaksi imeshaleta madhara. Hata vyama vya madaktari wa tumbo la watoto vya Marekani Kaskazini na Ulaya, NASPGHAN na ESPGHAN, kwenye mwongozo wao wa pamoja wa mwaka 2018 wanaanza na maelezo ya mzazi na kumkagua mtoto, mashine zinakuja baadae sana tena kwa wachache. Kila ukitajiwa kipimo uliza, hiki kinajibu swali gani?

Hatua ya 1: Jua anacheua au anatapika

Kucheua ni maziwa kurudi yenyewe bila nguvu, yanamwagika mdomoni, mtoto hata hashtuki, pengine anakutabasamia kabisa. Kutapika ni tumbo linasukuma, uso unabadilika, misuli inakaza. Alafu kuna ile ya kurusha, maziwa yanatoka kwa kasi yanaenda kuangukia mbali na mtoto, hiyo ni habari nyingine na tutaifikia.

Angalia na rangi. Maziwa meupe au yaliyoganda kama mtindi hayana shida, yameganda kwa sababu yamekutana na asidi ya tumbo. Njano nyepesi kwa mtoto anayenyonya maziwa ya siku za mwanzo isikuchanganye. Lakini kijani, ile kijani ya majani, hiyo ni nyongo, na nyongo kwa mtoto mchanga haisubiri kesho. Damu au vitu vyeusi kama unga wa kahawa, hivyo hivyo. (Kama chuchu zako zimechanika na zinatoa damu mwambie dokta, maana mtoto anaweza kuwa anairudisha damu yako mwenyewe.)

Kuhusu wingi, macho yanadanganya sana. Chukua kijiko cha chai cha maziwa, mwaga kwenye kanga au kitambaa anachocheulia uone doa linavyotanuka. Hizo ni mililita 5 tu. Mama wengi wakifanya hivi wanagundua kile walichokuwa wanakiita "ametoa yote" ni vijiko viwili vitatu.

Hatua ya 2: Andika, na rekodi video

Siku mbili tatu tu zinatosha, sio mwezi mzima. Kwenye simu au daftari andika saa aliyonyonya, titi au chupa, kama ni chupa mililita ngapi na poda umepima vijiko vingapi kwa maji kiasi gani, alicheua saa ngapi, rangi, alilia kabla au baada, alikohoa, alipaliwa, nepi ngapi zimelowa. Na akianza lile jambo linalokutisha, iwe kujikunja mgongo nyuma, kubadilika rangi, kurusha matapishi, chukua simu urekodi. Video ya sekunde ishirini inamsaidia dokta kuliko maelezo ya nusu saa, maana watoto wana tabia moja, mkifika hospitali anatulia kama sio yeye. Kujikunja mgongo na kugeuza shingo kunaweza kuwa rifulaksi lakini kunaweza pia kuwa degedege za aina fulani, na hapo dokta bila kuona anabahatisha tu.

Hatua ya 3: Mizani. Hiki ndo kipimo chenyewe

Naomba uelewe hapa kuliko pengine pote. Mtoto anayecheua mara kumi kwa siku na uzito unapanda vizuri, analala, anacheka, huyo watu wa kazi wanamwita mcheuaji mwenye furaha, shida yake ni ya kufua nguo. Mtoto anayecheua kidogo tu lakini uzito umesimama au unashuka, huyo ndo wa kumtafutia sababu.

Wiki ya kwanza mtoto hupungua kidogo, akifika wiki 2 hivi awe amerudi kwenye uzito wa kuzaliwa. Baada ya hapo miezi 3 ya mwanzo anatakiwa aongeze kama gramu 20 mpaka 30 kwa siku, yaani kwa wiki ni kama gramu 150 mpaka 200. Mpime kliniki bila nguo na bila nepi nzito, mizani ile ile kama inawezekana, kwa sababu mizani mbili tofauti zinaweza kukupa tofauti ya gramu mia na ukaanza kulia bure. Usimpime kila siku, utaumwa roho, mara moja kwa wiki kwa mtoto mwenye wasiwasi inatosha.

Alafu kadi ya kliniki isiwe ya kuonyesha chanjo tu. Mwambie nesi achore ile nukta kwenye grafu na muangalie wote mstari unaelekea wapi. Nukta moja haisemi kitu, mstari unasema. Mtoto mdogo tangu kuzaliwa ambaye anafuata mstari wake wa chini bila kuuacha yuko sawa, mtoto mnene ambaye ndani ya wiki chache amekata mistari miwili kushuka hayuko sawa hata kama bado anaonekana bonge. Omba na mzunguko wa kichwa upimwe, mara nyingi unarukwa, na kichwa kinachokua haraka kupita kawaida pamoja na kutapika kinamaanisha tatizo linaweza kuwa kichwani na sio tumboni.

Hatua ya 4: Haya hayana subira

Ukiona mojawapo hapa chini usiendelee kusoma hatua zinazofuata, nenda hospitali, tena yenye daktari, sio duka la dawa:

- matapishi ya kijani, au yenye damu
- kurusha matapishi kwa nguvu kila baada ya kunyonya, hasa mtoto wa wiki 2 mpaka 8
- tumbo limejaa na kukaza, hajapata choo, au choo kina damu
- homa, na kwa mtoto chini ya miezi 3 joto la 38 kwenda juu ni dharura yenyewe hata bila kutapika
- amelegea, haamki kunyonya, au analia kilio ambacho hujawahi kukisikia
- utosi umevimba, au umebonyea na nepi imekaa kavu masaa mengi
- degedege, kuacha kupumua, kubadilika kuwa wa bluu

Na kuna mbili ambazo sio za kukimbia usiku lakini zinahitaji uchunguzi: kucheua kulikoanza baada ya miezi 6 wakati mwanzo hakukuwepo, na kucheua ambako mtoto kapita mwaka, mwaka na nusu, bado kupo. Rifulaksi ya kawaida inaanza mapema, kabla ya wiki 8. Ikija na ratiba nyingine ujue kuna kitu kingine nyuma.

Hatua ya 5: Kwa dokta, kabla ya karatasi ya vipimo

Dokta mzuri atamvua mtoto nguo zote. Atashika utosi, atabonyeza tumbo, ataangalia ngozi kama ina ukurutu, atasikiliza kifua, atacheki sehemu za siri na mapajani kama kuna ngiri. Atataka amwone mtoto akinyonya pale pale, kwa hiyo usimshibishe getini. Kama umeandikiwa vipimo vitano kabla mtoto hajavuliwa hata soksi, una haki ya kusema kwa upole, samahani dokta, naomba kwanza umwangalie.

Nifungue mabano hapa kidogo. Kuna wale watakaokwambia mtoto anatapika kwa sababu kilimi ni kirefu kikatwe, au ana meno ya plastiki yang'olewe. Bibi mzaa mama anaweza kulisema hili kwa nia njema kabisa, na heshima yake iko pale pale, lakini kilimi hakina uhusiano na maziwa kurudi, na kile kinachoitwa meno ya plastiki ni vichipukizi vya meno ya kawaida ambayo hayajatoka. Watoto wanatoka damu nyingi, wanapata maambukizi mpaka pepopunda kwa ajili ya hii kitu. Mabano nimefunga.

Hatua ya 6: Rekebisha ulishaji, na hicho nacho ni kipimo

Hapa watu wanaona kama wanapotezewa muda, kumbe majibu mengi yako hapa. Ukibadilisha namna ya kulisha kwa wiki moja mbili na kucheua kukapungua, umeshapata jibu bila sindano.

Wa chupa anza na hesabu. Mtoto baada ya wiki ya kwanza anahitaji kama mililita 150 kwa kila kilo kwa siku. Mtoto wa kilo 4 ni 600 kwa siku nzima, ukigawa mara 8 inakuja 75 kila mara. Sasa mtu anampa huyo huyo mililita 120 kila akilia, mara nane, alafu anashangaa zinarudi! Punguza kiasi, ongeza mara za kulisha. Poda ipimwe kwa kijiko chake na kikwanguliwe, usiongeze "ashibe zaidi".

Wa titi usimwachishe, narudia usimwachishe titi kwa ajili ya kucheua. Angalia anavyoshika, kama chuchu tu iko mdomoni anameza hewa nyingi. Mbeulishe katikati na mwisho, mweke wima kifuani dakika 20 mpaka 30 baada ya kunyonya, nepi isimbane tumbo. Kumkalisha kwenye kiti cha gari au kile cha kubembea hakusaidii, anajikunja na tumbo linabanwa.

Uji kwenye chupa kwa mtoto wa mwezi mmoja, hapana. Najua inafanyika na najua analala fofofo baada ya hapo. Kuna fomula iliyotengenezwa iwe nzito nzito ili isirudi kirahisi, ambayo dokta anaweza kushauri kwa mtoto wa chupa, hiyo ni kwa maelekezo, sio kwa kukadiria unga jikoni. Na kulala ni chali, hata kama anacheua. Kumlaza kifudifudi ili asipaliwe kunaongeza hatari ya kifo cha ghafla usingizini, na mtoto mzima akilala chali ana uwezo wa kulinda njia yake ya hewa.

Hatua ya 7: Jaribio la kuacha maziwa ya ng'ombe

Mzio wa protini ya maziwa ya ng'ombe unafanana na rifulaksi mpaka unachanganya, na ndo maana mwongozo ule wa 2018 unaweka jaribio hili mbele ya dawa za kupunguza asidi. Fikiria zaidi kama kuna ukurutu, choo chenye makamasi au michirizi ya damu, au familia ina pumu na mzio. Kwa aina hii inayokuja taratibu vipimo vya damu vya mzio na vile vya kuchoma ngozi havisaidii, vinaweza kuja safi na mtoto bado ana shida. Kipimo ni kuacha alafu kurudisha.

Mama anayenyonyesha anaacha maziwa yote ya ng'ombe wiki 2 mpaka 4. Yote maana yake chai ya maziwa, mtindi, siagi, jibini, aiskrimu, na yale yaliyojificha kwenye biskuti, keki, chokoleti na maandazi ya kukandia maziwa. Ya mbuzi sio mbadala, protini zake zinafanana sana. Kula dagaa na mboga za majani ili mifupa yako isilipe deni. Mtoto wa chupa anahamia kwenye fomula maalum ambayo protini yake imevunjwavunjwa, ni ghali na haipatikani kila duka, kwa hiyo hii fanya ukiwa na dokta.

Sasa sehemu ambayo karibu kila mtu anairuka: baada ya hizo wiki, kama kapata nafuu, unarudisha maziwa uone dalili zinarudi au hazirudi. Usiporudisha hujapima kitu, maana inawezekana kabisa mtoto amekua tu. Zikirudi, mzio umethibitika. Zisiporudi, kunywa chai yako ya maziwa. Ila kama mtoto aliwahi kuvimba uso, kukosa pumzi au kulegea baada ya maziwa, kurudisha kunafanyika hospitali tu.

Hatua ya 8: Maabara

Hakuna kipimo cha damu cha rifulaksi. Ila mtoto anayetapika na haongezeki uzito, au ana homa, maabara ina kazi.

Mkojo ndo wa kwanza, kwa sababu UTI (maambukizi ya njia ya mkojo) kwa mtoto mchanga inaweza kujionyesha kwa kutapika na kutokukua tu. Lakini kwetu UTI imekuwa jina la kila homa, kwa hiyo ishu ni namna mkojo unavyochukuliwa. Msafishe kwa maji, kaa naye baada ya kunyonya, kopo safi la maabara mkononi, akianza kukojoa acha matone ya mwanzo yaende alafu kinga. Kile kifuko cha kubandika kinachafuliwa sana na bakteria wa ngozi, kikija safi sawa, kikija na bakteria usikimbilie antibayotiki, omba sampuli nyingine ya kukinga au ya mpira mwembamba unaopitishwa njia ya mkojo, ioteshwe maabara waone bakteria gani wanaota. Na ifike maabara haraka, isikae kwenye pochi masaa mawili.

Damu: picha kamili ya damu, sukari, na madini ya damu, yaani sodiamu, potasiamu na kloraidi. Haya madini yanasema mengi. Kloraidi na potasiamu zikiwa chini kwa mtoto wa wiki 5 anayerusha matapishi, mlango wa kutokea tumboni pengine umeziba. Sodiamu chini na potasiamu juu kwa mtoto wa wiki 2 au 3 aliyelegea, tezi za juu ya figo zinaweza kuwa na hitilafu, na hiyo ni dharura.

Mtoto akiwa na homa maeneo yenye malaria apimwe malaria, hilo halina mjadala. Widal ya taifodi iache, hata kwa mtu mzima kipimo kimoja cha Widal kinadanganya, sembuse mtoto wa miezi miwili. Na vile vipimo vya bakteria wa vidonda vya tumbo, mtoto mchanga anayecheua havimhusu.

Hatua ya 9: Ultrasaundi

Haina mionzi, haiumi, na mashine zake zipo mpaka hospitali nyingi za wilaya. Ila ina swali lake maalum: je, mlango wa kutokea tumboni kwenda utumbo umevimba na kuziba? Hii inawapata zaidi watoto wa kiume, karibu mara 4 ya wa kike, hasa mzaliwa wa kwanza, kati ya wiki 2 na 8. Mtoto anarusha maziwa baada ya kila mlo, matapishi sio ya kijani, na akimaliza tu anataka kunyonya tena kama hajala tangu jana. Mpimaji anapima unene wa ule msuli, ukifika milimita 3 au zaidi na mfereji umerefuka kama milimita 15 na kuendelea, jibu limepatikana. Anawekewa dripu madini yakae sawa kwanza, ndo upasuaji, ambao ni mfupi na watoto wanapona vizuri mno.

Beba maziwa au uwe tayari kunyonyesha, mpimaji anaweza kutaka anywe kidogo aone yanapita au hayapiti. Kama majibu ni ya kawaida lakini mtoto anaendelea kurusha, rudi baada ya siku chache, msuli unaweza kuwa ndo ulikuwa unaanza kunenepa.

Ripoti ikiandika "rifulaksi imeonekana" usishtuke. Itaonekana kwa mtoto yeyote aliyetoka kunyonya, hata wa jirani. Ultrasaundi pia inaangalia figo, utumbo ulioingiana (huyu mara nyingi ni mkubwa kidogo, miezi 4 mpaka 10 hivi, analia kwa vipindi na kulegea), na kupitia kwenye utosi inaangalia maji kichwani kama mzunguko wa kichwa umepanda.

Hatua ya 10: Eksirei ya kunywa dawa nyeupe

Mtoto ananyweshwa bariumu au dawa nyingine inayoonekana kwenye eksirei, alafu wanafuatilia inavyopita. Swali lake ni la ramani: umio umebanwa? Utumbo umekaa mahali pake au umegeuka tangu tumboni mwa mama? Hii ya utumbo kugeuka ndo inaleta matapishi ya kijani, maana utumbo unaweza kujisokota na kukosa damu, na hapo ni masaa, sio siku. Mtoto anayetapika kijani asipangiwe foleni ya wiki ijayo, apelekwe usiku huo huo palipo na daktari wa upasuaji wa watoto, kwa Tanzania ni hospitali kubwa kama Muhimbili, KCMC, Bugando.

Kwa kutafuta rifulaksi yenyewe hii picha haifai. Inachukua dakika chache, ikiikuta haimaanishi ni ugonjwa, isipoikuta haimaanishi haipo, na mtoto amekula mionzi. Kama imeagizwa, uliza mtoto akae bila kunyonya masaa mangapi, na usishangae choo kuwa cheupe siku moja mbili baadae.

Hatua ya 11: Mpira wa masaa 24

Hiki ndo kinakaribia zaidi kupima rifulaksi. Mpira mwembamba unapitishwa puani mpaka chini ya umio, wanahakikisha umekaa mahali pake kwa eksirei, unabandikwa shavuni na kuunganishwa na kimashine kidogo kwa masaa 24. Wa zamani ulipima asidi tu, yaani pH ikishuka chini ya 4. Shida ni kwamba maziwa yanazima asidi, na mtoto ananyonya kila baada ya masaa mawili matatu, kwa hiyo mengi yanapita bila kuonekana. Wa kisasa una na impidensi, unahisi maji yanavyopanda hata kama hayana asidi.

Kazi yako mama au baba ni kubonyeza kitufe au kuandika kila akila, akilala, akilia, akikohoa, kwa saa ile ile ya mashine na sio ya simu yako. Bila hayo maandishi kipimo kimekufa, kwa sababu faida yake kubwa ni kulinganisha: alipokohoa saa nane na dakika kumi, maziwa yalikuwa yamepanda au la? Kufungamanisha dalili na tukio, basi. Namba zenyewe za "ngapi ni nyingi" bado zinabishaniwa, maana hakuna anayeweza kuingiza mipira puani kwa watoto wazima mia tano ili ajue kawaida ni ipi.

Kinapatikana vituo vichache sana, na anayekihitaji ni mtoto mwenye kukohoa kusikoisha, vipindi vya kuacha kupumua, au anayetumia dawa bila nafuu. Kama anatumia dawa za kupunguza asidi uliza zisimamishwe siku ngapi kabla. Mvalishe nguo za vifungo mbele na vifuko vya mikononi, maana atauvuta tu.

Hatua ya 12: Kamera

Endoskopia, yaani mpira wenye kamera unaopitishwa mdomoni mpaka tumboni, kwa mtoto mchanga inafanyika akiwa amelazwa usingizi wa dawa, kwa hiyo sio ya kutaka tu kujiridhisha. Inaangalia vidonda kwenye umio, damu inatoka wapi, na wanachukua vinyama vidogo vya kupima, hilo la vinyama lihakikishe, maana umio unaweza kuonekana mzuri kwa macho na bado una shida. Kwenye kufunga, utaratibu wa kawaida ni fomula mwisho masaa 6 kabla, maziwa ya mama masaa 4, maji masaa 2, ila fuata walichokwambia wao. Usimwibie hata tone "kwa huruma", tumbo lenye maziwa na dawa ya usingizi haviendani kabisa.

Vipi kuhusu kumpa dawa tuone?

Hii ni mbinu ya watu wazima. Kwa mtoto mchanga omeprazoli (dawa ya kupunguza asidi ya tumbo) haitumiki kama kipimo, na tafiti zilizolinganisha dawa za aina hii na dawa tupu isiyo na kitu ndani kwa watoto wanaolia na kucheua hazikuona tofauti kwenye kilio. Asidi ya tumbo inaua vijidudu, ukiizima maambukizi ya tumbo na kifua yanaongezeka. Dawa ina nafasi yake, kwa mtoto mwenye vidonda au anayegoma kunyonya na uzito unashuka, tena kwa wiki chache zenye mwisho, alafu anaangaliwa tena. Ranitidini, nayo ya kupunguza asidi, kama bado unayo kabatini itupe, Marekani waliiondoa sokoni mwaka 2020 kwa sababu ya uchafu unaohusishwa na saratani. Metoklopramidi na domperidoni, zile za kuzuia kutapika, za kuuziwa dirishani usimpe, ya kwanza inaweza kumkakamaza shingo na kumgeuza macho, ya pili ina mambo yake na mapigo ya moyo.

Mwisho, makaratasi. Kwenye vituo vya serikali Tanzania sera inamsamehe mtoto chini ya miaka 5 gharama, lakini mara nyingine utatumwa nje kwa kipimo ambacho hakipo, kwa hiyo uliza kabla kama kitabadilisha matibabu au ni cha kuweka kwenye faili tu. Kila jibu lipige picha, CD ya eksirei ichukue, na vyote vikae pamoja na kadi ya kliniki, ili ukienda hospitali nyingine wasianze upya kumchoma. Na kama umeambiwa ni kucheua kwa kawaida, omba tarehe ya kurudi kupima uzito, wiki 2 hivi, na mkumbushane zile dalili za hatua ya 4, maana mtoto aliyekuwa wa kawaida Jumatatu anaweza kuanza kurusha Ijumaa, na hapo jibu la Jumatatu limeshaisha muda wake.